Glasi Inayorudi Tupu

Daktari wa ngozi aliishika mikono ya Mama Glasi, akaigeuza, akaigeuza tena, kama mtu anayejaribu kusoma barua iliyoloa. Kila kiungo cha kidole kilikuwa kimepasuka. Viganja vilikuwa vyekundu, na pembeni mwa kucha ngozi ilikuwa inabanduka kama rangi ya ukuta wa zamani.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Naosha glasi. Hotelini."

"Tangu lini?"

"Huu mwaka wa kumi na moja."

"Na glovu huvai?"

"Glasi na glovu haviivi chungu kimoja, daktari. Zinateleza. Nilipovunja ya nne nikaambiwa nichague, glovu au kazi."

Daktari akaiweka ile mikono mezani taratibu, kana kwamba nayo ni glasi. "Basi na mimi nakuchagulisha. Sabuni au mikono. Nitakupa mafuta, lakini mafuta hayashindani na karo la kuoshea vyombo. Ukiendelea hivi miezi michache tu, vidole hivi havitaweza kufunga hata kifungo cha shati."

Mama Glasi alitoka pale akitembea haraka. Wengine wakipewa habari ya namna hiyo hutafuta benchi la kukalia. Yeye alikwenda moja kwa moja kwa meneja, akaingia na cheti cha daktari mkononi, akakiweka juu ya meza, akasimama.

Meneja alisoma, akakuna kidevu. Akasema jikoni kumejaa, na kufua ni sabuni ileile. Nafasi iliyokuwa wazi hoteli nzima ni moja tu, ya kaunta, kuchanganya vinywaji, na hiyo ina mtihani Jumamosi saa kumi alasiri.

"Niandike," alisema Mama Glasi.

"Wewe?"

"Kwani kuna mwingine ndani humu?"

"Mama Glasi, wewe hata pombe hunywi! Una vidonda vya tumbo."

"Na fundi wa majeneza, bosi, umewahi kumkuta amelala ndani yake?"

Meneja alicheka mpaka kalamu ikamtoka mkononi. Akaiokota, akamwandika.

Sasa mtihani wenyewe. Mkuu wa kaunta alikuwa bwana mmoja mrefu, mkavu, anayeitwa Mzani, maana alipima kila kitu. Alipima wiski, alipima barafu, na watu walisema hata pole ya msiba huitoa kwa kijiko. Mzani alikuwa na imani moja: mtu anayejua kutengeneza kokteli moja ya zamani kwa usahihi anaweza kufundishwa nyingine zote. Kokteli hiyo kaunta nzima waliiita Ya Kizamani. Ina vitu vichache mno mpaka unashangaa ugumu uko wapi. Kipande cha sukari. Mitikiso miwili ya matone machungu, yale yanayotoka kwenye kichupa kidogo kama cha dawa ya macho. Vipimo viwili vya wiski ya burboni, ile ya mahindi, inayolazwa miaka kwenye mapipa mapya yaliyochomwa ndani kwa moto hadi mbao zikageuka mkaa. Bonge moja la barafu. Ganda la chungwa. Basi. Hakuna maziwa ya kuficha kosa, hakuna juisi ya kufunika aibu. Ukikosea, umekosea hadharani.

Na Mama Glasi alikuwa ameiona ikitengenezwa mara elfu. Kati ya karo lake na kaunta palikuwa na kidirisha cha kupitishia vyombo, upana wa sinia moja. Kwa miaka kumi na moja aliitazama mikono ya Mzani kupitia pale: sukari, matone, wiski, barafu, koroga, ganda. Uso wa Mzani hakuuona sana, lakini mikono yake angeweza kuitambua sokoni katikati ya mikono mia.

Kuna jambo lingine alilolijua ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza. Alijua jinsi glasi zinavyorudi.

Watu hudhani glasi chafu ni glasi chafu tu. La. Glasi inayorudi ni kama mtoto anayetoka shule: ukimtazama vizuri unajua siku ilikwendaje. Iliyotafunwa ganda lake, mnywaji alikuwa na njaa. Yenye rangi ya mdomo sehemu tatu tofauti ukingoni, mwenye mdomo alikuwa anaongea sana. Iliyoachwa nusu barafu ikiwa bado nzima, kulikuwa na simu ya ghafla au ugomvi. Na Ya Kizamani, mara nyingi mno, ilirudi na theluthi moja ya mwisho haijanywewa, na chini yake utando wa chenga nyeupe zilizong'ang'ania kioo. Mama Glasi aliukwangua utando ule kwa kucha. Kwa miaka yote aliuhesabu kuwa sehemu ya uchafu wa kawaida, kama vumbi la dirishani. Hakuwahi kujiuliza umetoka wapi.

Nyumbani walikuwa watatu. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtaani wanamwita Fundi Baridi. Na mama yake Fundi Baridi, bibi wa miaka sabini na minane, mnyoofu kama rula, aliyekuwa na kiti chake mlangoni mwa jikoni ambapo aliona kila chungu na kila anayekifunua.

Jumatatu hiyo saa tisa na nusu alasiri, Mama Glasi alifuta meza ya jikoni, akapanga juu yake glasi fupi nene, kijiko chembamba cha mpini mrefu, kikombe cha kupimia dawa, machungwa matatu na birika la chai ya rangi iliyopoa.

"Wiski iko wapi?" aliuliza Fundi Baridi.

"Hiyo hapo kwenye birika."

"Hiyo chai."

"Rangi ni ileile. Na mkono haujui kusoma lebo. Nataka mkono uzoee."

Matone machungu alikuwa nayo ya kweli. Chupa zinazotupwa na kaunta hupitia karoni kwanza, na chupa tupu, yeyote aliyewahi kuosha vyombo atakwambia, huwa haiko tupu. Alikuwa ameziinamisha chupa tatu za jalalani juu ya kichupa kimoja mpaka akapata kidole kimoja cha maji ya kahawia yanayonuka karafuu na mizizi.

Alitia kipande cha sukari, akatikisa matone mara mbili, akamimina chai, akatia barafu ya friji, akakoroga. Akachuna ganda la chungwa, akalibinya juu ya glasi ili mafuta yake yaruke, akalitumbukiza. Akasogeza glasi kwa mumewe.

Fundi Baridi alionja. "Mm. Chai."

"Nimekwambia nini?"

"Chai nzuri lakini. Tena ya kisomi."

Kutoka mlangoni sauti kavu ikasema, "Miaka hamsini nimeishi nyumba isiyo na chupa ya pombe. Leo mke wa mwanangu anajifunza kusimama nyuma ya chupa."

"Mama, ni chai," alisema Fundi Baridi.

"Mbuzi ukimvika kofia hageuki kuwa karani. Najua mnachokifanya."

Mama Glasi aliiosha glasi, na maji yalipogusa nyufa za vidole akavuta pumzi kupitia meno, akaanza upya.

Jumanne alitengeneza mara tisa, Jumatano kumi na nne. Alijifunza kukoroga bila kijiko kugonga kioo, maana kaunta ya maana haipigi kengele. Alijifunza kujua ubaridi kwa macho: glasi ikianza kutoa jasho chini ya kidole cha shahada, imetosha. Fundi Baridi alikunywa kila iliyopita mezani, kwa sababu kumwaga chai yenye sukari hakuweza, na kufika Jumatano jioni tumbo lake lilikuwa linanguruma kama kompresa iliyoishiwa gesi.

"Mke wangu, nakupenda," alisema, ameshika ukuta, "lakini kesho tafuta mnywaji mwingine."

"Wewe shughulika na barafu. Hii inatia aibu. Tazama, katikati nyeupe kama jicho la samaki wa kukaanga. Ya Mzani unaweza kusomea gazeti."

Hapo ndipo mume alipopona ghafla. Barafu ilikuwa eneo lake. Akavuta kiti, akaanza kueleza kwa mikono yote miwili: maji yakiganda kutoka pande zote kwa pamoja, hewa inakimbilia katikati, inakuta milango yote imefungwa, inabaki imo humo kama mfungwa. "Dawa ni kuiachia njia," alisema. Akachukua boksi dogo la povu, lile la kubebea chakula, akalijaza maji, akaliweka ndani ya friza bila mfuniko. Pande zote zilikuwa zimevishwa povu, kwa hiyo baridi ingeingia kwa juu tu, na barafu ingeshuka polepole ikiisukuma hewa chini. Asubuhi alilitoa kabla chini hakujaganda, akamwaga maji yaliyobaki, akakata kwa kisu cha mkate chenye meno. Lilipatikana bonge la barafu safi hivi kwamba alipoliweka juu ya kitabu cha vipuri, namba za vipuri zilisomeka.

Hata bibi alisogeza kiti kidogo kulitazama. Kisha akakirudisha.

Ijumaa, Fundi Baridi alirudi na kichupa chenye ukubwa wa kiganja. Alikuwa ametengeneza friza la muuza vinywaji, na muuza vinywaji kwa furaha akamtilia zawadi mfukoni. Burboni, ya kweli, yenye kutosha glasi nne.

Mama Glasi alikishika kichupa dirishani. Mwanga ulipita ndani yake ukatoka mwekundu kama udongo mbichi. Akakifungua, akanusa. Kulikuwa na harufu ya sukari iliyoungua kidogo, mbao, na kitu kama moto uliozimwa jana.

"Haya," alisema. "Mkono umezoea. Twende."

Sukari, matone, wiski, bonge la barafu linalong'aa. Koroga, koroga, jasho likatoka kwenye glasi. Ganda. Kila kitu kilikwenda kama wimbo. Akainua glasi juu ya mwanga ili aifurahie kazi yake, akaganda akiwa ameishika hewani.

Chini ya glasi, chini kabisa, kulikuwa na utando wa chenga nyeupe.

Akakoroga tena. Chenga zikainuka, zikazunguka, zikashuka zikalala palepale. Akakoroga hadi barafu ikaanza kupungua. Chenga zilikuwepo.

"Lakini kwenye chai ilikuwa inayeyuka!" alisema kwa nguvu. "Nimefanya mara arobaini! Inayeyuka!"

"Kwenye chai," alisema mumewe taratibu.

Na hapo akakumbuka kucha yake, na zile glasi zote za miaka kumi na moja. Utando uleule. Alikaa kwenye kiti. Kumbe hata Mzani. Kumbe alichokikwangua miaka yote hakikuwa uchafu wa mteja. Lilikuwa kosa la kaunta, na yeye kwa bidii yake yote ya kutazama kupitia kidirisha amenakili kila kitu vilevile, mpaka kosa.

Dakika moja alikaa. Fundi Baridi alikuwa anahesabu ya pili ndipo akamwona ameinuka. Akaiweka glasi ile kando, akachukua glasi ya pili. Safari hii aliiponda sukari kwanza kwa ncha ya mwiko, akatikisa matone, akamimina. Chenga zikawa ndogo zaidi, na nyingi zaidi. Akachukua ganda la chungwa akalibinya, na mafuta ya chungwa, yale makali yanayowasha hata jicho la jirani, yaliingia kwenye nyufa za vidole vyake. Mwili wote ulimshtuka. Machozi yalimtoka yenyewe. Lakini hakuliachia lile ganda. Alilibinya hadi mwisho, akalitumbukiza, akafuta mikono, akaisogeza glasi ya tatu.

"Niletee hiyo mikono," ilisema sauti ya mlangoni.

Mama Glasi aligeuka. Mama mkwe alikuwa amesimama. Alikuwa hasimami ovyo yule bibi.

"Si kitu, mama. Ni chungwa tu."

"Nimesema niletee."

Alivitazama viganja vile kwa muda. Alikuwa amesikia habari za daktari, lakini kusikia si kuona, na mkwe wake alikuwa na tabia ya kuficha mikono chini ya kanga wakati wa kula. Kisha akavuta kiti mpaka mezani, akaketi, akachukua ile glasi ya kwanza yenye chenga, akanywa funda moja. Fundi Baridi alifungua mdomo akausahau wazi.

"Mwanzo mkali kama mwalimu mkuu," alisema bibi. "Mwisho mtamu kama mwizi anayeomba msamaha. Na katikati hawajajuana."

"Mama! Umekunywa pombe!"

"Nimeonja dawa. Nyamaza." Akamgeukia mkwe wake. "Mimi nilifanya kazi gani, mwanangu?"

"Ulikuwa hospitali, mama. Chumba cha dawa."

"Miaka thelathini na mmoja nimechanganya dawa za kikohozi kwa mkono huu. Na dawa ya kikohozi ni nini? Sukari na spiriti, na kitu kichungu juu yake. Wiki yangu ya kwanza niliharibu ndoo nzima, sukari ikakaa chini kama mchanga, mkubwa wangu akanifokea hadi nikataka kurudi kwetu. Sukari haiolewi na spiriti, mwanangu. Sukari ni mke wa maji. Ioze kwanza kwa mumewe, wakae, wazoeane. Ndiyo umkaribishe mgeni."

"Na ulikuwa unalijua hili tangu Jumatatu?" aliuliza Fundi Baridi.

"Jumatatu mlikuwa mnapika chai. Nani aliniuliza?"

Mama Glasi alikuwa tayari ameshika glasi. Sukari. Matone mawili juu yake. Kijiko kimoja kidogo cha maji. Akaiponda na kuizungusha, taratibu, hadi hapakuwa na chenga, ila uji mwepesi wa kahawia uliolala chini kama asali changa. Kisha wiski, kisha barafu, kisha akakoroga. Akainua juu ya mwanga. Glasi ilikuwa safi kuanzia juu hadi chini, kama dirisha lililofutwa.

Bibi alionja. Akaonja tena.

"Vipi, mama?"

"Siwezi kusema kwa mafunda mawili. Kikohozi changu ni cha muda mrefu."

Aliimaliza.

Kichupa kilikuwa na kipimo cha glasi moja ya mwisho. Mama Glasi alikifunga. "Hii ya kesho nikirudi," alisema. "Nikirudi vyovyote vile."

Jumamosi saa kumi kamili walikuwa wawili nyuma ya kaunta. Yeye, na kijana mmoja mtanashati wa chuo cha hoteli, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inaweza kukata mkate. Kijana huyo alimsalimu kwa heshima.

"Shikamoo, mama. Umekuja kutuoshea?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kushindana na wewe."

"Ah!" Akacheka, halafu akaona mama hacheki, akanyoosha kola ya shati.

Utaratibu wa Mzani ulikuwa huu: kila mtu atengeneze glasi mbili. Zingepelekwa kwa wateja wawili wa miaka mingi waliokaa dirishani, mwalimu mstaafu wa hesabu na mama mwenye duka la vitabu, na kila mmoja angepata glasi moja ya kila mshindani bila kuambiwa ipi ni ya nani. Wanywe kwa nafasi yao, waseme.

Kijana alikuwa tamasha. Chupa iliruka, ikapinduka hewani, ikatua nyuma ya mkono wake. Ganda la chungwa alilichonga ua lenye petali tano. Meneja alipiga makofi kabla hajajizuia. Mama Glasi hakurusha kitu. Alisimama kama aliye kwake jikoni, akapima maji kwa kijiko kidogo, na Mzani alipoyaona yale maji nyusi zake zilipanda, lakini akamwacha aendelee. Mtihani ni mtihani. Ganda lake lilikuwa ganda tu, refu, limechunwa bila ule weupe mchungu wa ndani. Alipolibinya, vidole viliwaka moto. Uso haukubadilika.

Ilipita karibu saa nzima. Mzani akaenda dirishani, akarudi.

"Wanasema zote nzuri," alisema. "Zote safi kabisa, wanashukuru sana." Akapumua. "Basi, kwa kuwa zimelingana, na mwenzako ana cheti..."

"Bosi," alisema Mama Glasi. "Kabla hujamaliza, naomba glasi zirudi."

"Zirudi wapi?"

"Hapa. Zote nne. Kama zilivyo, zisimwagwe."

"Zina nini?"

"Mdomo una adabu, bosi. Glasi haina."

Mzani alimtazama. Kisha akaenda mwenyewe, akazileta kwenye sinia, akaziweka kaunta chini ya taa. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ipi ni ya nani. Mbili zilikuwa na maua ya chungwa, petali tano tano, yanaelea juu ya theluthi ya mwisho ya kinywaji ambacho hakikunywewa. Chini yake ulilala utando wa chenga nyeupe. Mbili nyingine zilikuwa na ganda na kibarafu kidogo kilichobaki, basi. Hata tone la kumbandika nzi hakuna.

Mwalimu wa hesabu alikuwa ameifuata sinia. Akakohoa. "Kijana wa watu kajitahidi," alisema akiangalia viatu vyake. "Nikasema nisimvunje moyo."

Kijana akainama juu ya glasi zake, akazikodolea macho. Mzani naye aliinama. Aliutazama ule utando kwa muda mrefu, na shingo yake ndefu ikawa kama imefupika.

"Na zangu?" aliuliza bila kuinua uso. "Miaka yote hii. Zangu zilikuwa zinarudije?"

Mbele ya Mama Glasi alisimama mtu mwenye nafasi pekee ya kumtoa majini. Kumsifu kungekuwa rahisi kama kumeza mate. Aliitazama mikono yake juu ya kaunta.

"Zako zinarudi na sukari, bosi," alisema. "Si zote. Nyingi. Naikwangua kwa kucha hii."

Meneja aligeuka akatazama ukutani kana kwamba kuna picha.

"Miaka kumi na moja," alisema Mzani. "Mbona hukuniambia?"

"Sikujua ni kosa mpaka jana nililifanya mwenyewe. Tena hata ningejua, kile kidirisha hupitisha glasi tu. Hakipitishi maneno."

Mzani alichukua kijiko kidogo cha maji alichokitumia Mama Glasi, akakigeuza mkononi. "Kijiko kimoja?"

"Kimoja. Kabla ya wiski. Sukari inaozwa kwa maji kwanza."

"Nani kakufundisha?"

"Mama mkwe wangu."

"Ni mchanganyaji?"

"Alistaafu," alisema Mama Glasi.

Mzani alipima maneno yake, kama kawaida. Yakatoka machache. "Jumatatu saa nne asubuhi. Njoo na aproni kavu."

Kijana alimfuata hadi mlangoni. Alikuwa amekunja mikono ya shati lake la pasi. "Mama," alisema, "wakinichukua kwenye lile karo lako, nikubali?"

"Kubali. Lakini vaa glovu, wakisema zinavunja glasi waambie zivunjike. Na usioshe kitu kabla hujakitazama."

Nyumbani, bibi alikuwa amekaa, si mlangoni, mezani. Mbele yake palikuwa na glasi fupi nene, kichupa chenye kipimo cha mwisho, na chungwa lililokwisha chunwa ganda moja refu, bila weupe. Fundi Baridi alikuwa amesimama na bonge la barafu kwenye sahani, linamtiririkia hadi kwenye kiwiko.

"Glasi zimerudije?" aliuliza bibi.

"Tupu, mama."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

Bibi akaitika kwa kichwa mara moja, kama mtu anayepokea chenji sahihi. "Haya, nimechuna ganda mimi, na kulibinya nitabinya mimi. Wewe koroga. Kikohozi kimeanza tena."

Wakatengeneza. Bibi akanywa kidogo kidogo huku akitoa makosa mawili ambayo hayakuwepo, akamaliza, akaiweka glasi mezani. Mama Glasi, kwa mazoea ya miaka kumi na moja, aliinuka akanyoosha mkono.

Fundi Baridi aliidaka kabla yake.

"Usiguse," alisema. Akafungua bomba, akatia sabuni, akaanza kuiosha glasi ile vibaya sana, maji yakaruka hadi ukutani. Mama Glasi akakaa kwenye kiti, mikono yake mikavu mapajani, akamtazama. Kila alipotaka kumsahihisha alifunga mdomo.

Mpaka aliposhindwa. "Itazame kwanza chini, wewe! Ina nini?"

Akainyanyua kwenye mwanga, povu likimdondokea kwenye kifua.

"Haina kitu," alisema.